Nilipoitafsiri Karatasi Yangu Mwenyewe

Nilikuwa na miaka sitini na moja nilipojifungia chooni kwenye harusi ya mtoto wa dada yangu, nikakaa humo tangu wali ulipoanza kupakuliwa hadi wageni wa upande wa bwana harusi walipokuwa wanaaga.

Sikuwa naumwa. Spika mbili kubwa zilikuwa zimewekwa karibu na viti vya wazee, kwa heshima, na kila ngoma ilipopiga niliisikia kwenye meno. Watu walikuwa wananishika mkono, bega, shavu. Udi ulikuwa unafuka, manukato ya wanawake yamechanganyika na mafuta ya kukaangia, na mtoto fulani alikuwa anapasua mapulizo. Nilivumilia kama nilivyovumilia harusi zote za maisha yangu, kwa kutazama mahali pamoja na kuhesabu maua ya pazia. Halafu hesabu ikanipotea. Nikasimama, nikaenda, nikafunga mlango, nikakaa sakafuni na mtandio wangu nimeukunja mara nne juu ya masikio, nikijitikisa mbele na nyuma kama mtu anayebembeleza mtoto.

Aliyegonga mlango ni binti yangu. Ni mtoto wangu wa pekee. Ameolewa, anakaa Kibenga, upande mwingine wa mji wetu wa Bujumbura, anafanya kazi benki, na ana sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa.

"Mama, we uko humo?"

"Niko."

"Unaumwa?"

"Apana."

"Sasa unafanya nini? Watu wanauliza mama mukubwa wa bibi harusi iko wapi. Nimesema umeenda kuswali, mara mbili. Swala gani hiyo ya saa mbili nzima?"

Nilinawa uso, nikatoka, nikaagana na watu kwa maneno ninayoyajua kwa moyo. Ndani ya gari binti yangu alitazama barabara tu mpaka tulipofika mbele ya nyumba yangu Buyenzi. Hapo akazima injini.

"Juma hii tunaenda kuona muganga wa hospitali," alisema. "Kama si ya moyo, itakuwa ya kichwa. Lakini mi nimechoka kusema uongo."

Moyo ulikutwa mzima. Presha nzima, sukari nzima. Daktari wa moyo aliandika barua akatutuma kwa mwenzake wa mambo ya akili, Kigobe, kwenye nyumba ya kawaida iliyogeuzwa kuwa mahali pa matibabu, yenye bustani na ukuta mweupe. Nilitegemea mzee mwenye miwani. Alitoka mwanamke mdogo kuliko binti yangu, amesuka nywele fupi, amesoma ng'ambo akarudi. Ukutani kwake kulikuwa na feni iliyokuwa inagonga kidogo kila ikigeuka. Mimi nilikuwa naisikiliza, naye aliniona naitazama. Akainuka akaizima, akarudi kukaa.

Nikalia. Nilikuwa sijalia mbele ya mtu tangu mama yangu alipozikwa, na hata siku ile watu walisema sikulia inavyotakiwa.

Nilienda kwake kila Jumatano kwa wiki sita. Aliuliza mambo ambayo hakuna mtu aliwahi kuniuliza: chakula gani sikuweza kula nikiwa mtoto, nilikuwa nacheza vipi, nguo gani zinanikera, nafanya nini mtu akibadilisha mpango bila kunipasha habari. Aliongea na binti yangu peke yake mara moja. Juma la mwisho alinipa karatasi mbili za Kifaransa zenye muhuri, akaanza kunieleza. Lakini mtu akinieleza jambo zito huku ananitazama machoni, mimi siyasikii maneno, nasikia sauti tu. Nilijibu ndiyo, ndiyo, Dokta, nitasoma nyumbani.

Kusoma ndiyo kazi niliyoiweza duniani. Kwa miaka thelathini na miwili nilikuwa mfasiri na mpiga chapa wa wakala mmoja wa forodha hapa bandarini. Boti zikitoka Kigoma zinakuja na karatasi za kule, na forodha yetu inataka Kifaransa. Mimi nilikuwa katikati. Saruji, chumvi, mabati, mchele wa Mbeya, vipuri. Neno likikosewa, mzigo unalala bandarini na mwenye mzigo anakuja kupiga kelele mlangoni. Kwa hiyo sikukosea. Wakuu wa ofisi walibadilika watano, na kila mmoja alimwambia anayefuata: yule mama wa dirishani usimzungumzishe sana, mpe karatasi tu.

Basi na karatasi yangu niliifanyia kama zile. Nilifuta meza, nikaweka kalamu mbili, nikatoa kamusi yangu nene ya kazini yenye jalada lililoshikizwa kwa utepe wa gundi. Nilianzia juu kabisa: *trouble du spectre de l'autisme*. Neno la mwisho nilikuwa nalijua kidogo. Redio za Tanzania zinaliita usonji, na huwa zinaongelea watoto. Neno la kwanza ni vurugu, au taabu. La katikati nikalitafuta.

Kamusi ilisema: *mzimu, kivuli cha mfu kinachowatokea watu.*

Chini yake palikuwa na maana nyingine, lakini sikufika huko. Nilifunga kitabu.

Ili mtu aelewe kwa nini, lazima nimweleze mama yangu. Nilipokuwa mdogo sikuweza kusukwa. Chanuo kikigusa kichwa nilipiga kelele mpaka majirani wa mtaa wa pili wanatoka nje. Sikuweza kula kitu kilichochanganywa na kingine. Nilikuwa narudia maneno ya mwisho ya kila aliyeongea na mimi. Mama alikuwa mwanamke mpole, mshonaji, na hakujua afanye nini na mimi. Wanawake wa mtaa walimwambia, huyu mtoto ana watu wake. Walimaanisha majini. Akanipeleka kwa mwalimu wa chuo cha Kurani, nikasomewa, nikapewa maji ya kunywa na mengine ya kuoga, mwaka hadi mwaka. Mwalimu hakuwa mbaya. Lakini alikuwa ananiwekea kiganja kichwani, na kiganja kile kilikuwa kizito kama tofali, na mimi nilijifunza kunyamaza chini yake ili amalize. Mama alifurahi, akasema majini wanaondoka. Miaka mingi baadaye, alipokuwa kitandani anakaribia kufa, aliniambia kwa huruma kabisa, "Mwanangu, najua bado wapo. Uvumilie tu."

Sasa hapa kuna karatasi ya wenye elimu, ina muhuri, na inasema neno lile lile. Nilikaa ndani siku nne. Sikufungua dirisha la barabarani. Niliona kwamba mama alikuwa amesema kweli maisha yake yote, na kwamba hata waliosoma ng'ambo sasa wamekubaliana naye.

Siku ya tano nilifanya jambo ambalo si kawaida yangu: nilienda Kigobe bila kuitwa. Daktari alikuwa anakula mkate barazani. Alisimama haraka.

"Mama, kuna nini?"

"Dokta, munaamini mizimu?"

"Mizimu?"

Nikamwonyesha neno. Alilitazama, akanitazama mimi, akaweka mkate chini.

"Siku ngapi umekaa na hii?"

"Nne. Leo ya tano."

"Pole sana, Mama. Ni kosa yangu. Nilipaswa kukueleza polepole." Akavuta kiti, lakini alikielekeza bustanini, si kwangu, tukawa tumekaa tunatazama upande mmoja kama abiria. Nilimsikia vizuri sana namna ile. "Umewahi kuona upinde wa mvua juu ya ziwa?"

"Mara nyingi. Asubuhi. Unatokea upande wa Congo, jua likitoka nyuma yetu milimani."

"Zile rangi zote ni mwanga mumoja, umetawanyika. Kwa Kifaransa ile kutawanyika inaitwa spectre pia. Ni neno moja, maana mbili. Hapa si muzimu. Hapa ni rangi."

Nikafikiri. "Kwa hiyo mi ni rangi gani?"

Alicheka. Mimi nilikuwa sitanii, naye akaona, akaacha kucheka.

"Si rangi moja," alisema. "Watu wanafikiri ni kama ngazi, huyu iko chini, yule iko juu. Si ngazi. We masikio yako yanachukua kila kitu. Lugha ya maandishi unaijua kuliko mi. Kuguswa kunakuumiza. Kusoma uso wa mutu kunakuchosha. Mwingine atakuwa na mengine, na hataweza hata kusema. Yote hayo iko ndani ya neno hilo moja."

"Na hii trouble? Ni vurugu?"

"Hiyo ndiyo wanatufundisha kuandika. Kuna wenye hali hiyo hawaipendi. We ungeandikaje?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza ningeandikaje. Bandarini neno halikuwa langu, lilikuwa la mwenye mzigo. Nilimwambia nitafikiri. Usiku ule nililala vizuri, na asubuhi nikaandika *hali*. Nikaikata, nikaandika *maumbile*. Mpaka leo sijaamua.

Kuanzia hapo nilikwenda kwake na neno moja au mawili kila Jumatano, na nyumbani niliyaandika kwenye daftari kwa mkono wangu. Lililonitisha la pili lilikuwa *camouflage*. Karatasi ilisema ninayo, na ni nyingi. Kwetu neno hilo ni nguo za askari. Mtu yeyote wa umri wangu katika mji huu anajua mwili unafanya nini ukiona kitambaa kile kwenye kona ya barabara: unapunguza mwendo, hukimbii, unaweka mikono mahali inapoonekana. Nilidhani wananituhumu kuficha kitu.

"Kucheka," daktari aliniuliza siku hiyo, "ulijifunza wapi?"

Swali la ajabu, lakini jibu nilikuwa nalo. Kulikuwa na mwanamke wa kaunta, miaka yangu ya mwanzo bandarini, ambaye madereva, wapagazi na wakubwa wote walimpenda. Alikuwa akicheka anainamisha kichwa kidogo kushoto na kugusa meza kwa vidole viwili. Nilimtazama miezi mitatu. Nikaanza kufanya hivyo, na watu wakaanza kusema nimechangamka siku hizi. Kwa mwanamke huyo nilichukua kicheko, kwa mke wa bosi nikachukua namna ya kutoa pole. Dada yangu alinipa salamu ndefu, ile ya kuuliza nyumba yote mpaka mbuzi. Nilizihesabu: maswali saba kwa mtu wa kawaida, kumi kwa mkwe. Jioni nikirudi nyumbani nilikuwa nalala chini kwenye saruji, kifudifudi, nusu saa, kabla ya kuweza kupika. Nilidhani wanawake wote wanaofanya kazi hufanya hivyo.

"Hiyo ndiyo camouflage," alisema daktari.

Nikamuuliza, "Sasa chini yake kuna nani?"

Alisema hilo hata yeye hajui, itabidi nimwambie mimi. Nilirudi nyumbani nikasimama mbele ya kioo na kujaribu kucheka kicheko changu mwenyewe. Nilikaa pale muda mrefu. Hakikuja.

Neno moja halikuwemo kabisa kwenye kamusi yangu. *Alexithymie*. Daktari aliniandikia pembeni: shida ya kutambua jina la kitu unachohisi. Hilo ndilo lililonirudisha kimawazo kwa mume wangu.

Alikuwa mtu wa Kigoma, fundi wa injini kwenye boti ya mizigo. Tulijuana kwa sababu nilikuwa nazijua boti zote za ziwa hili: tani zake, mwaka zilipobadilishwa injini, siku zinazoingia. Nilikuwa namwuliza mambo ya pampu na rejeta, na yeye hakuwahi kuona mwanamke anayeuliza hayo. Tulioana. Akanizoea. Aliniwekea sahani yenye vyumba vitatu ili mchuzi usiguse wali. Naamini tulipendana.

Halafu siku moja boti yake haikufika. Ilikuwa msimu wa mawimbi, na hapakuwa na simu za mkononi. Siku ya kwanza ikapita, ya pili, ya tatu. Wanawake wa mtaa walikuja wakajaa sebuleni wanalia. Mimi niliwapa chai. Nilienda kazini, nilipika, nilifua na kupiga pasi mashati yake yote manne. Adhuhuri kila siku nilienda kusimama chini ya winchi ya bandari, nikitazama maji mpaka kengele ya kazi. Miguu ilikuwa inatetemeka vibaya. Meno yalikuwa yanagongana. Nikafikiri nimepata malaria, nikanunua vidonge, nikavimeza vyote kwa siku tatu.

Injini ilikuwa imekufa katikati ya ziwa, wakavutwa hadi Rumonge. Aliporudi nyumbani alikuta sakafu imepigwa deki, mashati yamepangwa, majirani wamevimba macho kwa kulia na mimi macho makavu.

"Hukulia?" aliniuliza.

"Apana," nilisema, maana ilikuwa kweli.

Alinitazama namna ambayo sikuweza kuisoma. Alikaa na mimi miaka minne mingine. Kisha safari za Kigoma zikawa ndefu, na moja haikuwa na kurudi. Alimwambia kaka yake kwamba mimi si mtu mbaya, ila ni kama kuoa saa ya ukutani. Kaka yake akanifikishia.

Namba ya huyo mume nilipewa na binti yangu, ambaye huongea na baba yake siku za Idi. Niliandika nitakachosema kwenye karatasi, ukurasa mmoja na nusu, nikapiga baada ya adhuhuri, wakati wazee wanapokuwa wamekula.

"Nani?"

"Ni mimi, wa Bujumbura."

"Mtoto mzima?"

"Mzima. Nina jambo la kukueleza. Nimeliandika, nitalisoma."

"Utalisoma?"

"Nisiposoma nitaacha mengine."

Nilimsikia anavuta pumzi, kama zamani alipokuwa karibu kucheka. "Haya. Soma."

Nikasoma. Karatasi ya daktari, neno la upinde wa mvua, neno la kutojua jina la unachohisi. Kisha zile siku za boti. Nilipofika kwenye vidonge akanikata.

"Vidonge vya malaria?"

"Siku tatu. Vyote."

"Na ulikuwa na malaria?"

"Apana. Ilikuwa ni wewe."

Upande wake kuku alilia, na sauti ya mwanamke ikauliza ni nani huyo. Alimjibu, "Mtu wa kazini, wa zamani." Akarudi kwenye simu, sauti imeshuka.

"Ungeniambia."

"Uliniuliza kama nimelia. Hukuniuliza kama nimetetemeka."

"Mwanamke wewe," alisema. "Mimi mle ndani ya boti, siku zile tatu, nilikuwa najiambia yule hata hajui kama nimechelewa."

"Nilijua mpaka dakika."

Nami sijui kusubiri kwenye simu kunatakiwa kuwa kwa muda gani, nikakaa tu na simu sikioni. Adhana ya alasiri ikaanza kwake.

"Sasa sisi wazee," alisema.

"Ndiyo."

"Mungu akuweke."

"Na wewe."

Dakika chache baadaye adhana ya kwetu nayo ikaanza. Sijampigia tena, naye hajanipigia. Sijui kama alimweleza mke wake.

Binti yangu nilimpelekea karatasi zote, ya daktari na tafsiri yangu, Jumapili moja asubuhi, mume wake akiwa ametoka na watoto kwenda ufukweni. Alisoma mezani, taratibu, akirudia mistari kwa kidole kama anavyokagua mikataba ya benki. Nilikuwa nategemea aseme sasa tumejua ugonjwa. Alisema kitu kingine.

"Basi haikuwa mi?"

"Haikuwa we nini?"

"Mama." Akaweka mkono mdomoni, kisha akautoa. "Nilikuwa nakungojea pale mulangoni ukitoka kazini. Unakumbuka? Nafungua mikono hivi. Na we unanipita, unaenda kulala chini. Nilikuwa na miaka saba. Nilifikiri ninanuka."

Sikuelewa. "Unanuka nini?"

"Mi nilijua nini? Nilifikiri ninanuka. Nilikuwa naoga mara mbili kabla hujafika. Nilikuwa najisugua."

Na hapo nikakumbuka sabuni. Kulikuwa na mwaka mzima ambao sabuni zilikuwa zinaisha nyumbani upesi, na mimi nilimgombeza mtoto kwa kuchezea sabuni. Nilimchapa hata, mara moja, mkononi.

Nilimwambia hayo. Nilimwambia pia kwamba hakuwa ananuka. Alikuwa ananukia vizuri, ananukia sabuni, na mimi nilikuwa natoka kwenye kelele za winchi na watu mia, na mwili wangu ulikuwa hauna mahali palipobaki pa kugusika. Alilia sana. Nilijua kwamba mama mwingine angeinuka akamkumbatia. Niliinuka. Nikamwekea kiganja mgongoni, kizito na bila kukisogeza, maana daktari alikuwa amenieleza kwamba mguso mzito unaotulia ni rahisi kuliko wa kupapasa. Tulikaa hivyo. Nilihesabu mpaka mia mbili.

Alipofuta uso alikunja karatasi, akanirudishia.

"Mama, naomba kitu. Watu wa bwana yangu wasijue."

"Kwa nini?"

"Wataanza kuwaangalia watoto wangu. Wa mwisho hapendi kelele, umemuona. Sitaki mutu amupe jina kabla sijajua mi mwenyewe."

Nilikubali. Alikuwa na haki yake. Lakini nilipokuwa kwenye teksi narudi Buyenzi, karatasi ikiwa ndani ya mkoba, niliona kwamba nimepata maneno ya maisha yangu yote na sina ninayeweza kumsomea. Mama yangu alikwishaondoka na majini yake. Mume ana nyumba nyingine. Dada yangu nilimjaribu kwa neno usonji, akauliza dawa yake inapatikana wapi. Nikasema haina dawa, si ugonjwa wa dawa. Akasema pole, tena kwa sauti ya chini, na tangu siku hiyo ananiwekea chai kwenye kikombe cha peke yangu.

Nilimwuliza daktari kama ana wengine wa umri wangu, ili nionane nao hata mara moja. Alifungua daftari lake, ingawa nadhani jibu alikuwa nalo.

"Watoto niko nao wengi. Mutu muzima kama we, hapa, uko peke yako. Si kwamba hawako, Mama. Wako. Hawajui tu."

Nimekuwa nikiwafikiria hao. Nikienda sokoni namwona mzee anayepanga vitunguu vyake kwa ukubwa na kukasirika mteja akivichanganya, nasimama. Ningependa kumwuliza kama meno yake yanasikia ngoma. Lakini mtu hamwulizi mtu hivyo, nami nanunua vitunguu naondoka.

Idi iliyopita binti yangu alinialika Kibenga kama kila mwaka. Safari hii nilimwambia ukweli, kwamba nitakuja, ila sitaweza sebule yenye watu thelathini. Hakubishana. Nilipofika alinipeleka kwenye chumba cha wageni cha nyuma. Alikuwa ameondoa saa, amefunga pazia nusu, ameweka kiti chenye mgongo mrefu na chakula changu kwenye bakuli tatu tofauti. Aliwaambia wakwe kwamba kichwa kinaniuma.

"Hapa iko sawa?" aliuliza.

"Iko sawa sana. Ahsante, mwanangu."

Akafunga mlango polepole. Nilivua viatu. Hakuna harufu, hakuna mkono wa mtu. Nilikula pilau yangu peke yake, kachumbari peke yake. Sikuchoka, sikutetemeka, sikucheka kicheko cha mtu. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kukaa kwenye sikukuu bila maumivu.

Ng'ambo ya ukuta walikuwa wanacheka. Niliwasikia vizuri: mkwe wangu anahadithia jambo, watoto wanamsahihisha, binti yangu anawaambia wanyamaze ili amalizie. Kisha wote wakacheka tena kwa pamoja, kwa muda mrefu. Niliweka kijiko chini ili nisikie kilichowachekesha. Sikukipata. Nikangojea kama mtu atafungua mlango aje kunieleza, na nilipoona hakuna, nikamalizia chakula.